Si Kila Kifundo cha Mkono Kilichovimba Kimeteguka

Kiswahili kina jina lake cha ugonjwa huu tangu zamani: jongo. Katika zahanati na vijiweni siku hizi husikika zaidi neno gauti, na mara linapotamkwa, macho ya wasikilizaji hushuka hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Si kosa kutazama huko, kwa kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa hupata shambulio la kwanza kwenye shina la kidole hicho. Kosa ni kusadiki kwamba jongo halijui njia ya kwenda kwingine. Hulifikia goti, kifundo cha mguu, kisukusuku na vidole vya mkono. Hukifikia pia kifundo cha mkono, nacho ndicho ninachokusudia kukizungumzia, kwa sababu hapo ndipo, kwa maoni yangu, desturi yetu ya kutibu kabla ya kuuliza huonekana wazi kuliko penginepo.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa wahudumu wengi wa afya watautambua. Fundi cherehani mwenye umri wa miaka 54, anayetumia dawa ya kukojoza kwa ajili ya shinikizo la damu, anaamka saa 9 usiku kifundo cha mkono wa kulia kikiwa kimevimba na kina moto. Hawezi kukikunja, na hata shuka ikimgusa anaguta. Asubuhi jirani anamwambia ameulalia mkono, umeteguka. Mchuaji anauchua kwa mafuta na maji ya moto. Jioni maumivu yamezidi. Kesho yake, katika duka la dawa, anachomwa sindano ya diklofenaki na nyingine ya deksamethasoni. Siku ya sita anashika mkasi tena.

Nani amemponya? Mchuaji atasema ni yeye, muuza dawa atasema ni yeye, na fundi mwenyewe atasema ni mkono uliorudi mahali pake. Ukweli ni kwamba shambulio la jongo, hata lisipotibiwa, kwa kawaida hutulia lenyewe ndani ya wiki 1 hadi 2. Ugonjwa wenye tabia hiyo huwagawia sifa watu wengi wasiostahili, na humwacha mgonjwa akiwa na imani thabiti katika maelezo yasiyo ya kweli. Miezi 8 baadaye kifundo kitavimba tena, naye atarudi kwa mchuaji yuleyule.

Kinachotokea ndani ya kiungo kimejulikana kwa muda mrefu. Mwili huzalisha asidi ya yuriki kutokana na purini, ambazo ni sehemu ya viini vya chembe zetu wenyewe na vya vyakula tulavyo. Takriban theluthi mbili za asidi hiyo hutolewa na figo, na inayosalia hutoka kwa njia ya utumbo. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja, binadamu hatuna. Kiwango chake katika damu kinapozidi miligramu 6.8 kwa desilita, yaani takriban mikromoli 400 kwa lita, huweza kuganda polepole na kuwa fuwele nyembamba zenye ncha kama sindano. Huganda kwa urahisi zaidi penye ubaridi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuchagua miguu na mikono. Kinga ya mwili inapozigundua fuwele hizo, huzishambulia kama adui, na kiungo huwaka. Antonie van Leeuwenhoek alizitazama fuwele hizo kutoka katika kinundu cha mgonjwa mwaka 1679, bila kujua ni za kitu gani. Mwaka 1961 Daniel McCarty na Joseph Hollander walionyesha jinsi ya kuzitambua katika majimaji ya kiungo kwa hadubini. Tangu hapo tumekuwa na njia ya kuthibitisha jongo. Njia hiyo ni bomba la sindano na tone la majimaji.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Kifundo cha mkono kilichovimba ghafla, kikawa na moto, bila jeraha la wazi, hakipaswi kupewa jina kabla ya kuvutwa majimaji yake. Wala si kwa sababu ya jongo peke yake. Jongo likikosewa leo, mgonjwa atateseka kisha atapata nafuu. Usaha ndani ya kiungo ukikosewa leo, gegedu linaweza kuharibika ndani ya siku chache, mkono ukabaki mgumu maisha yote, au vimelea vikaingia katika damu na mgonjwa akafa. Hali hizi mbili hufanana mno machoni. Zote huleta uvimbe, joto na maumivu, na zote huweza kuleta homa. Hata chembe nyeupe za damu hupanda katika zote. Mgonjwa mwenye usaha akichomwa deksamethasoni atajisikia nafuu kwa siku moja au mbili huku bakteria wakiendelea na kazi yao.

Orodha ya vinavyofanana na jongo katika kifundo hiki ni ndefu kuliko katika kidole cha mguu, na ndiyo maana nasema kifundo cha mkono kinahitaji fikra zaidi. Kijana mwenye maumivu yanayohamahama, vipele vichache vya ngozi na kano zilizovimba nyuma ya mkono anaweza kuwa na kisonono kilichosambaa. Kijana aliyeanguka na kujikinga kwa kiganja anaweza kuwa amevunjika mfupa mdogo wa skafoidi, ambao picha ya eksirei ya siku ya kwanza huweza kuuficha. Mwenye selimundu anaweza kuwa na maambukizi ya mfupa. Uvimbe wa polepole wa wiki nyingi, usio na moto mkali, hutulazimu kuukumbuka ute wa kifua kikuu cha kiungo. Baridi yabisi mara nyingi hushika vifundo vyote viwili, na mgonjwa hueleza ukakamavu wa asubuhi unaodumu zaidi ya saa moja. Kwa wazee lipo pia jongo bandia, linaloletwa na fuwele za kalsiamu, nalo hupenda sana kifundo cha mkono. Katika eksirei huonekana mstari mweupe ndani ya gegedu.

Neno moja kuhusu macho yetu. Vitabu vingi tulivyosomea huandika kwamba ngozi juu ya kiungo huwa nyekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa, na mhudumu akaandika kwamba haupo. Tutafute mng'ao wa ngozi iliyovutika na weusi uliozidi, tena tulinganishe joto la vifundo viwili kwa mgongo wa kiganja chetu. Siku chache baada ya shambulio, ngozi hiyo huweza kubanduka kama ganda jembamba. Mgonjwa akiulizwa atakumbuka.

Nimesikia mara nyingi hoja kwamba kuvuta majimaji ni kazi ya hospitali kubwa. Sikubaliani nayo. Kifundo cha mkono ni miongoni mwa viungo vinavyofikika kwa urahisi. Kiganja huwekwa chini juu ya kitambaa kilichokunjwa ili kifundo kiiname kidogo, ngozi husafishwa kama inavyosafishwa kwa utaratibu wowote wa usafi kamili, na sindano huingia upande wa mgongo wa mkono, mbele kidogo ya kinundu cha mfupa kinachopapasika mwishoni mwa redio, upande wa ndani wa kano inayonyoosha kidole gumba. Hata matone machache yanatosha. Kipaumbele cha tone la kwanza ni kutafuta bakteria kwa rangi ya Gram na kwa kuotesha vimelea. Tone linalofuata liwekwe kwenye kioo na kutazamwa mapema. Hadubini yenye vichujio vya mwanga viitwavyo polaraiza ndiyo inayothibitisha, lakini jicho lililozoeshwa huweza kuziona fuwele zenye umbo la sindano hata kwa hadubini ya kawaida, ileile tunayotafutia vimelea vya malaria. Tunachokosa mara nyingi ni mazoea ya kuagiza kipimo na mteknolojia wa maabara aliyeandaliwa kukifanya. Sindano isipitishwe penye ngozi yenye kidonda au maambukizi. Na fuwele zikionekana, tusifunge jalada kabla ya majibu ya bakteria, kwa kuwa jongo na usaha huweza kukaa katika kiungo kimoja. Mahali pasipo uwezo huo, mgonjwa mwenye homa au mwenye hali mbaya apelekwe rufaa siku hiyohiyo. Si baada ya kujaribu sindano mbili tatu.

Badala ya haya, tumeng'ang'ania kipimo cha asidi ya yuriki katika damu. Kipimo hiki kina manufaa, ila tumekifanya hakimu, na hukumu zake si za kutegemewa pande zote mbili. Wakati wa shambulio kiwango huweza kushuka hadi kuonekana cha kawaida, na mgonjwa wa jongo akaambiwa hana jongo. Arudie kupima wiki 2 hadi 4 baada ya maumivu kwisha. Upande wa pili, watu wengi wana kiwango cha juu na hawatapata shambulio maishani mwao. Mtu asiye na dalili aliyepimwa katika kifurushi cha vipimo vya afya, akakutwa na kiwango kilichozidi kidogo, hahitaji kuanzishiwa dawa kwa sababu ya karatasi hiyo. Eksirei nayo husaidia kuona mvunjiko au madhara ya miaka mingi, lakini katika shambulio la kwanza la jongo huonyesha uvimbe tu.

Jongo likishathibitishwa na maambukizi yakiondolewa shaka, kutuliza shambulio si kazi ngumu. Kifundo kipumzishwe kwa banzi jepesi na kukandwa kwa barafu iliyofungwa katika kitambaa, siyo kwa maji ya moto na wala kisichuliwe. Dawa zipo za aina tatu, na uchaguzi hutegemea mgonjwa kuliko ugonjwa. Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki hufaa kwa mwenye figo na tumbo salama. Kolkisini hufaa ikianzwa mapema, hasa ndani ya saa 12: miligramu 1, kisha nusu miligramu baada ya saa moja, halafu dozi ndogo za kila siku. Ule utaratibu wa zamani wa kumpa mgonjwa kila saa mbili hadi aharishe uachwe. Unatesa bila kuongeza faida. Kolkisini ni hatari kwa figo zilizochoka na ikichanganywa na dawa kama klarithromisini au ritonaviri, kwa hiyo mgonjwa aulizwe dawa zake zote, zikiwemo za VVU. Prednisoloni ya miligramu 30 hadi 35 kwa siku, kwa siku 5 hivi, hufaa kwa wengi wasioweza hizo mbili, mradi mwenye kisukari afuatiliwe sukari yake.

Fundi wetu wa mfano ana shinikizo la damu, na miaka ya dawa ya kukojoza huenda ikawa imechangia. Haidroklorotiazidi, bendrofluazidi na furosemidi hupandisha asidi ya yuriki. Losatani huishusha kidogo, na amlodipini haiipandishi. Tabibu anaweza kubadilisha inapowezekana. Mgonjwa asiache dawa ya shinikizo la damu kwa uamuzi wake mwenyewe. Vivyo hivyo kwa anayetibiwa kifua kikuu: pirazinamidi huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, na maumivu ya viungo katika miezi ya mwanzo ya matibabu yana maelezo, hayana haja ya kumfanya mtu akimbie dozi.

Lakini kuna jambo linalonisumbua kuliko yote haya. Tunalitibu shambulio kisha tunamwaga mgonjwa. Tunampa vidonge vya siku 5 na karatasi iliyoandikwa "epuka nyama nyekundu", basi. Fuwele zinabaki pale zilipokuwa. Mashambulizi hukaribiana, viungo huongezeka, vinundu vyeupe hujitokeza chini ya ngozi. Katika kifundo cha mkono kuna mfereji mwembamba anamopita mshipa wa fahamu pamoja na kano za vidole. Uvimbe au vinundu vikijaa humo, kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete hufa ganzi, hasa usiku, na misuli ya kiganja huanza kusinyaa. Kwa mtu anayeishi kwa kushika sindano, jembe au usukani, huo ni umaskini. Na katikati ya mashambulizi mgonjwa hujinunulia diklofenaki kila wiki; figo huumia, asidi ya yuriki huzidi kupanda, na duara hujifunga.

Dawa ya kuzuia haya ipo na ni ya zamani. Alopurinoli ilitoka katika maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, na hupunguza utengenezaji wa asidi ya yuriki. Hupendekezwa hasa kwa mwenye mashambulizi 2 au zaidi kwa mwaka, mwenye vinundu, au mwenye uharibifu wa kiungo. Mwenye ugonjwa wa figo au mawe ya figo anaweza kuanzishiwa mapema zaidi. Huanzwa kwa miligramu 100 kwa siku au chini ya hapo kwa mwenye figo dhaifu, kisha huongezwa hatua kwa hatua kila wiki kadhaa, hadi kiwango kishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita, sawa na mikromoli 360 kwa lita. Wengi wetu tunaanza na 100 au 300 na kuishia hapohapo bila kupima tena, kisha tunatangaza kwamba dawa imeshindwa.

Jambo la pili ambalo wagonjwa hawaambiwi ni kwamba miezi ya mwanzo ya alopurinoli huweza kuleta mashambulizi zaidi, kwa sababu fuwele za zamani zinayeyuka na kutikisika. Asiyeonywa atasema dawa imemdhuru, ataitupa, na hataigusa tena. Aliyeonywa atakunywa kolkisini ya dozi ndogo kwa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, na shambulio likija ataendelea na alopurinoli yake huku akilitibu shambulio. Kitu kimoja tu kimfanye aiache mara moja na kwenda hospitali: vipele vya ngozi, hasa vikiandamana na homa au vidonda mdomoni. Anayetumia azathioprini asipewe kabisa bila mtaalamu, maana mchanganyiko huo huweza kuua chembe za damu.

Kwamba maelezo ya namna hii ni matibabu, wala si mapambo, kumepimwa. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Nottingham, Uingereza, uliohusisha wagonjwa 517 wa jongo. Kundi moja lilihudumiwa na wauguzi waliofundishwa kueleza ugonjwa, kusikiliza na kupandisha dozi kwa vipimo. Jingine lilipata huduma ya kawaida ya daktari. Baada ya miaka 2, asilimia 95 ya waliohudumiwa na wauguzi walikuwa chini ya mikromoli 360, dhidi ya asilimia 30 ya wengine. Najua Nottingham si Nachingwea. Lakini wauguzi wetu wanaendesha kliniki za VVU, kisukari na shinikizo la damu, wanapima, wanashauri na kufuatilia dozi kwa miaka mingi. Sioni kwa nini mgonjwa wa jongo asiingizwe katika daftari hilohilo la magonjwa sugu.

Kinachozuia, nadhani, ni aibu tuliyoufunga nayo ugonjwa huu. Tumeuita ugonjwa wa matajiri, ugonjwa wa nyama choma na bia. Matokeo yake, mwenye jongo asiyekula nyama ila sikukuu hukataa kuamini anachoambiwa, na mama mwenye miaka 65 anayetumia dawa za kukojoza hafikiriwi kabisa, wakati ni wanawake wa umri huo ambao jongo lao hupenda kuanzia mikononi. Kwa walio wengi chanzo kikuu ni figo zinazotoa asidi ya yuriki kwa uvivu, na hali hiyo kwa sehemu kubwa hurithiwa. Chakula kina mchango: bia, pombe kali, soda zenye sukari nyingi, maini, figo za mnyama na dagaa kwa wingi huchochea, na kupunguza uzito husaidia. Hata hivyo kujinyima kote huko hushusha kiwango kwa kiasi kidogo tu, kwa kawaida pasipofika shabaha. Na lipo katazo moja ninaloomba lifutwe katika karatasi zetu, nalo ni la maharage. Maharage, kunde na mchicha vina purini, lakini tafiti hazikuonyesha kwamba huongeza hatari ya jongo. Kumkataza mgonjwa maskini maharage ni kumnyang'anya kitoweo kwa jina la tiba.

Kwako wewe unayeumwa: ukifika kliniki na kifundo kilichovimba, uliza kama majimaji yanaweza kuvutwa. Ukiwa na homa au baridi ya kutetemeka usisubiri kesho. Chukua orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na zile za duka na za mizizi. Usikubali kiungo chenye moto kichanjwe chale. Na ukiwa umeanza alopurinoli, mwombe muuguzi aandike katika kadi yako kiwango chako cha leo, kiwango mnachokilenga, na tarehe ya kupima tena.